Baiskeli Wakati wa Mvua Nchini Uganda: Kutafuta Chanzo cha Kila Dalili

Mvua za pili za mwaka huanza kusini na katikati mwa Uganda karibu mwezi wa Septemba na kuendelea hadi Novemba, ilhali kaskazini, upande wa Gulu na Arua, kipindi hicho ni sehemu ya mwisho ya msimu mmoja mrefu ulioanza karibu Aprili. Baiskeli iliyokwenda vizuri katika vumbi la Juni na Julai huanza kusumbua ndani ya wiki chache: breki zinakawia kushika kwenye mteremko wa Nakasero, cheni inalia kutoka Kawempe hadi mjini, na taa inazimika wakati ule ule giza linapoingia. Miongozo mingi inayosambaa imeandikwa kwa ajili ya vuli ya Ulaya, yenye majani yaliyoanguka barabarani na baridi ya asubuhi, na mwenye baiskeli wa Kampala au Jinja akiifuata atajiandaa kwa matatizo yasiyo yake. Hapa tunapambana na maji na udongo mwekundu wa moramu, navyo hufanya kazi pamoja: maji huondoa mafuta, na mchanga huingia mahali mafuta yalipokuwa.

Maelezo haya ni kwa ajili ya wanaokwenda kazini kwa baiskeli na kurudi, na pia kwa wanaotoka jioni kunyoosha viungo kuelekea Ggaba, Munyonyo au kando ya Nile mjini Jinja.

Anza kwa kuuliza tatizo lilianza lini

Wenye baiskeli wengi huanza kwa kuuliza sauti inatoka wapi. Swali hilo ni halali, lakini wakati wa mvua hupotosha, kwa sababu sauti husafiri ndani ya fremu ya chuma, na mlio wa pedali unaweza kusikika kana kwamba unatoka chini ya kiti. Swali lenye faida zaidi ni lini. Je, tatizo lilianza mvua ikinyesha na kutoweka baiskeli ilipokauka? Lilijitokeza asubuhi iliyofuata? Lilianza baada ya baiskeli kuoshwa? Au limekuwa likiongezeka taratibu tangu msimu uanze?

Dalili inayokuja na maji na kuondoka nayo kwa kawaida inahusu nyuso zinazogusana kwa nje, yaani ringi na raba za breki, tairi na barabara, dinamo na ukuta wa tairi. Dalili inayojitokeza asubuhi ya pili ni kutu iliyofanya kazi usiku. Inayofuata uoshaji inaashiria maji yaliyosukumwa ndani, kwenye gololi. Inayokua polepole ni uchakavu ambao tope limeuharakisha, na hiyo peke yake ndiyo ambayo mara nyingi inahitaji kipuri kipya. Nasisitiza jambo hili kwa sababu fedha nyingi hupotea kwa kununua cheni, tyubu au hata gurudumu zima, ilhali tatizo lilihitaji kitambaa, tone la mafuta na muda wa kutazama kwa makini.

Breki hazishiki, au zinashika kwa kuchelewa

Ikiwa breki ni nzuri barabara ikiwa kavu na hafifu mara mvua inapoanza, chanzo cha kwanza ni tabaka la maji juu ya ringi. Hali huwa mbaya zaidi kwenye ringi za chuma zilizong'arishwa, kama zile za baiskeli nyeusi za mtindo wa zamani zinazobeba mikungu ya matoke, ambazo breki zake huvutwa na fito za chuma na kubana ringi kwa upande unaotazama spoku. (Ni baiskeli za namna hiyo zilizoanzisha usafiri wa boda boda mpakani Busia, kabla pikipiki hazijachukua kazi hiyo, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hazifai kubeba mizigo.) Gurudumu la inchi 28 husonga zaidi ya mita mbili kwa kila mzunguko, na raba huhitaji mizunguko kadhaa kufuta maji kabla haijaanza kushika. Mita hizo ndizo zinazokosekana unapoona gari la abiria limesimama ghafla mbele yako. Hakuna kipuri kitakachoondoa hali hiyo kabisa kwenye ringi ya chuma. Kinachosaidia ni kubana breki kidogo kidogo mapema, kabla ya kufika mahali pa kusimama, ili ringi ifutwe ukiwa bado na nafasi, na kuteremka Kololo, Rubaga au Namirembe kwa mwendo ambao umeudhibiti tangu juu.

Ikiwa breki zinabaki hafifu hata baada ya ringi kukauka, maji si chanzo. Mwaga maji kidogo kwenye ringi na uyatazame: yakitandaa, ringi ni safi, lakini yakijikusanya kuwa matone yanayoteleza, ringi ina mafuta. Mafuta hayo hutoka kwenye lami, ambako dizeli na oili ya magari huelea mvua inaponyesha, au hutoka kwenye cheni iliyopakwa mafuta kupita kiasi, ambayo hurusha matone kwenye gurudumu la nyuma. Osha ringi kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, kisha isuuze vizuri. Raba iliyofyonza mafuta haiokoki, ibadilishe.

Baada ya hapo toa raba zenyewe uzitazame mahali penye mwanga. Uso uliokuwa mweusi usiong'aa unaweza kuwa umekuwa laini kama kioo, na raba ya namna hiyo huteleza hata ikibanwa kwa nguvu zote. Isugue kwa msasa mpaka mng'ao uondoke. Kwenye ringi za alumini utaona vidonda vidogo vyenye punje za mchanga, na wakati mwingine vipande vya chuma vinavyometameta, ambavyo ni ringi yako mwenyewe iliyokwanguliwa. Vichomoe kimoja kimoja kwa ncha ya sindano nene au kisu. Mlio wa kukwaruza kila unapofunga breki maana yake ni kwamba ringi inaliwa, na ukipitisha kidole ukakuta ukuta wake umebonyea kuelekea ndani, usisubiri upasuke chini ya shinikizo la tairi.

Breki ambayo mkono wake ni mgumu kuvuta, au unavutika lakini haurudi, ina waya iliyoshika kutu ndani ya ganda lake, na karibu kila mara mwenyewe atakuambia lilianza asubuhi baada ya mvua ya usiku. Legeza waya, tia mafuta mepesi kwenye mdomo wa ganda, ivute na kuirudisha mara nyingi, na kama nyuzi zake zimeanza kukatika, inunuliwe nyingine siku hiyo hiyo. Kwenye breki za fito, kagua viungo vyote kuanzia mkononi hadi kwenye gurudumu, kwa sababu kila kiungo kilicholegea hula sehemu ya nguvu ya mkono wako kabla haijafika kwenye raba.

Breki za diski, ambazo zimeletwa na baiskeli za mtumba za milimani, haziathiriwi sana na maji lakini haziwezi kustahimili mafuta. Zikipiga kelele kali na kukosa nguvu baada ya mtu kupaka cheni mafuta ya kupuliza, chanzo kimejulikana.

Cheni inalia, inaruka au inatoka

Hapa ndipo uharibifu mwingi wa msimu wa mvua unapotokea, na ndipo ushauri mbaya ulipo mwingi zaidi. Mlio mkavu unaoanza asubuhi ya pili, pamoja na rangi ya kahawia juu ya cheni, ni kutu ya juu tu. Futa kwa kitambaa chenye mafuta, tia tone moja kwenye kila kiungo, zungusha pedali kinyumenyume kwa dakika moja, kisha futa tena mpaka cheni ionekane kama haikupakwa kitu. Mafuta yanayohitajika ni yale yaliyo ndani ya viungo. Yanayobaki nje hukusanya mchanga tu.

Kuna desturi ya kupaka cheni oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya pikipiki au gari, kwa kuwa hupatikana bure gereji. Nashauri desturi hiyo iachwe. Oili hiyo imebeba masizi na chembe za chuma kutoka kwenye injini ilikotumika, na ikichanganyika na moramu hugeuka kuwa uji mzito unaosaga cheni kutoka ndani. Mafuta ya kupikia nayo huganda na kunata. Mafuta ya cherehani ni mazuri ingawa ni mepesi na husafishwa haraka na mvua, kwa hiyo yanahitaji kurudiwa mara kwa mara. Oili mpya ya injini, kwa kipimo cha tone kwa kiungo na kufutwa vizuri, hukaa zaidi. Cheni iliyojaa tope isipakwe mafuta juu ya tope. Isafishwe kwanza kwa brashi na mafuta ya taa, iachwe ikauke, ndipo ipakwe.

Mlio unaorudi siku chache baada ya kusafisha na kupaka vizuri unaonyesha kwamba cheni imechakaa. Jambo hili hupimika, na mtu asikubali kuuziwa cheni bila kupima. Chukua tepu ya chuma ya seremala yenye alama za inchi. Kaza cheni kwa kukandamiza pedali kidogo, weka alama ya inchi 1 katikati ya pini moja, kisha hesabu pini 24 kutoka hapo. Katika cheni mpya pini hiyo ya 24 hukaa juu kabisa ya alama ya inchi 13, kwa kuwa kutoka pini hadi pini ni nusu inchi. Ikiwa imevuka alama kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, yaani milimita moja na nusu hivi, badilisha cheni sasa. Ikiwa imevuka kwa sehemu moja ya nane, yaani milimita tatu, meno ya nyuma yamekwisha pia kuchongwa na cheni hiyo.

Kutokana na hilo unaelewa kwa nini cheni mpya wakati mwingine huruka kuliko ile kuukuu iliyotolewa. Cheni iliyorefuka na meno yaliyochongoka vilikuwa vimezoeana. Cheni mpya haikai tena kwenye meno hayo, na unapokandamiza pedali kupanda mlima hukwepa na mguu wako ukashuka ghafla. Mwenye baiskeli humlaumu aliyemuuzia cheni, kumbe tatizo ni friwili kuukuu, yaani kile kifaa chenye meno ya nyuma. Lakini kabla ya kununua friwili, tafuta kiungo kigumu: zungusha pedali kinyumenyume polepole huku ukitazama cheni inavyopita kwenye meno ya nyuma, nawe utaona pini moja inayokataa kukunjuka na kuruka kidogo kila inapopita. Ishike pande mbili kwa mikono, ipinde kushoto na kulia mara kadhaa, tia mafuta, na mara nyingi itaachia. Dalili inayojirudia baada ya mizunguko kadhaa ya pedali, daima kwa umbali ule ule, ni ya kiungo kimoja. Dalili inayotokea wakati wowote unapotumia nguvu ni ya meno.

Kwenye baiskeli isiyo na gia, cheni inayotoka imelegea au gurudumu la nyuma limekaa upande. Legeza nati za ekseli, vuta gurudumu nyuma, na urekebishe mpaka cheni icheze juu na chini kwa sentimita moja hivi katikati. Zungusha pedali kwanza utafute mahali inapokaza zaidi na upime hapo, la sivyo utaikaza kupita kiasi na kuumiza gololi.

Tatizo jingine, ambalo huwatisha watu kwa sababu hutokea ghafla, ni pedali kuzunguka bure mbele na nyuma bila kusukuma gurudumu. Cheni ni nzima, kila kitu kinaonekana sawa, lakini baiskeli haiendi. Ndani ya friwili kuna vijino vidogo vinavyosukumwa na springi, na tope au grisi iliyoganda huvizuia visiinuke. Laza baiskeli ubavu, mimina mafuta ya taa kwenye mwanya unaozunguka uso wa friwili, izungushe kinyume mpaka uchafu utoke, kisha tia mafuta mepesi. Isipopona kwa njia hiyo, ndipo ibadilishwe.

Pancha zinaongezeka

Si dhana yako tu: pancha huongezeka mvua zinapoanza. Maji huvisaidia vipande vya kioo na miiba kupenya mpira kwa urahisi, na pia husomba takataka kutoka kando ya barabara na kuzirundika mahali baiskeli zinapopita. Uchomaji wa matairi ya magari huacha nyuzi nyembamba za chuma, fupi kuliko ukucha, ambazo hupenya tairi bila kuacha alama inayoonekana.

Kabla ya kutoa tyubu, kagua valvu. Baiskeli nyingi za mtindo wa zamani hutumia valvu yenye mpira mdogo mwembamba uliovalishwa kwenye sindano yake, na mpira huo huoza au hupasuka. Upepo ukipungua polepole, kwa mfano tairi ngumu jioni na laini asubuhi, weka mate kwenye mdomo wa valvu na usubiri. Povu likiinuka, hata taratibu, unahitaji kipande kipya cha mpira wa valvu tu, kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye meza ya fundi. Mafundi wenye uzoefu hufanya hivyo kwanza, kabla hata hawajagusa spana, na fundi asiyefanya hivyo anapaswa kuombwa afanye.

Tyubu ikitolewa, mahali tundu lilipo pataeleza chanzo. Tundu moja upande unaogusa tairi limetokana na kitu kilichopenya, na kitu hicho huenda bado kimo: pitisha vidole polepole ndani ya tairi, au pitisha pamba, ambayo itanasa kwenye ncha ya waya usioonekana. Matundu mawili yaliyokaa sambamba yametokana na tyubu kubanwa kati ya ringi na ukingo wa shimo la barabarani, na hiyo ni dalili ya upepo mdogo. Wakati wa mvua mashimo hujificha chini ya maji, kwa hiyo usipunguze upepo kupita kiasi kwa kutafuta mshiko. Tundu upande wa ringi limetobolewa na ncha ya spoku au kutu, baada ya utepe wa ndani ya ringi kuoza. Ukiziba tundu hilo bila kubadilisha utepe, utaliziba tena kesho.

Kiraka kinachobanduka baada ya siku mbili kilibandikwa kwenye mpira wenye unyevu, au kwenye gundi ambayo haijakauka. Kausha tyubu kabisa, isugue kwa msasa mpaka ipoteze mng'ao, paka gundi nyembamba pana kuliko kiraka, na usubiri dakika kama tano hadi ionekane kavu. Hapo ndipo ukandamize kiraka kwa nguvu. Mvua ikinyesha njiani, kazi hii isifanywe kando ya barabara. Beba tyubu ya akiba, ubadilishe chini ya kibaraza chochote, na uzibe ile nyingine ukiwa nyumbani.

Mkwaruzo ndani ya magurudumu au pedali baada ya kuosha

Vituo vya kuoshea magari na pikipiki vina pampu zenye nguvu, na kupeleka baiskeli yenye tope huko ni jambo linalovutia. Maji ya pampu hupita kwenye vizuizi vya vumbi vya vitovu vya magurudumu, vya pedali na vya shina la usukani, ambavyo havikutengenezwa kuzuia shinikizo hilo. Baiskeli hutoka ikimetameta, na baada ya siku chache huanza kunguruma.

Inua gurudumu, lizungushe, kisha shika fremu kwa mkono mwingine usikilize kwa vidole. Mtetemo wa mchanga ni grisi iliyochafuka. Kisha shika ringi uisukume kushoto na kulia: ikicheza na kugonga, gololi zimelegea au njia zake zimeliwa. Fungua na utazame grisi. Ile nzuri huwa na rangi yake na hunata kwenye kidole. Iliyoingiwa na maji huwa nyepesi na kufanana na chai ya maziwa. Futa yote, osha gololi kwa mafuta ya taa, zitazame kwenye mwanga moja moja, na zikiwa na vidoa au mashimo badilisha zote pamoja, kwa kuwa gololi mpya ikichanganywa na kuukuu hubeba mzigo peke yake. Nyumbani, osha kwa ndoo, sponji na brashi. Hakuna zaidi kinachohitajika.

Mlio mmoja wa kugonga kwa kila mzunguko wa pedali, hasa unaposukuma kwa mguu mmoja, kwa kawaida ni pini inayofunga mkono wa pedali kwenye ekseli. Ikilegea, ukiendelea nayo hata kwa kilomita chache tu itaharibu tundu lake. Kazeni mapema.

Taa na giza linalowahi

Wengi hudhani kwamba karibu na ikweta jua huzama saa ile ile mwaka mzima. Urefu wa mchana haubadiliki sana, ni kweli, lakini saa ya machweo husogea. Mwishoni mwa Julai jua huzama Kampala karibu saa 1:00 usiku. Mwanzoni mwa Novemba huzama karibu saa 12:36 jioni, kwa sababu ya jinsi dunia ilivyoinama na umbo la njia yake kuzunguka jua. Tofauti hiyo ya takriban dakika 25, ikijumlishwa na mawingu mazito na mwanga wa jioni unaokwisha ndani ya dakika 20 hivi, humfanya mtu aliyekuwa akifika nyumbani kungali na mwanga mwezi wa Julai ajikute gizani mwezi wa Novemba bila ya kubadilisha ratiba yake. Matembezi ya jioni yaanze mapema zaidi, au taa ziwe tayari tangu Septemba.

Dinamo inayowaka kukiwa kavu na kuzimika mvua ikinyesha inateleza kwenye tairi. Isogeze ili kichwa chake kikandamize zaidi, hakikisha mstari wake unaelekea katikati ya gurudumu, na kama meno ya kichwa yamekwisha, kibadilishe au kivishe kofia ya mpira. Ikiwa taa haiwaki hata kukiwa kavu, kumbuka kwamba mifumo mingi ya dinamo ina waya mmoja tu, na umeme hurudi kupitia fremu. Kutu au rangi chini ya skrubu hukata njia hiyo. Unganisha kwa muda waya kutoka kwenye mwili wa dinamo hadi kwenye mwili wa taa. Taa ikiwaka, kwangua rangi na kutu pale zinapofungwa, na tatizo limekwisha. Kwenye taa za balbu, ikiungua ya mbele, ya nyuma hupokea umeme mwingi kuliko uwezo wake na kuungua pia, kwa hiyo usishangae zikifa pamoja.

Taa za kuchaji hufa kwa unyevu unaoingia kwenye tundu la kuchajia. Kifuniko chake cha mpira kikipotea, funika kwa kipande cha tyubu kuukuu. Usichaji taa iliyoloa. Ukiona ukungu wa kijani kwenye vituo vya betri, usugue kwa kifutio cha penseli mpaka chuma kionekane. Nayo vioo vya kurudisha mwanga, ambavyo havihitaji betri, hufunikwa na tope ndani ya dakika chache kwenye barabara ya moramu. Vifute kila unaposimama, kwani dereva anayekuja nyuma yako hana njia nyingine ya kujua kwamba upo ikiwa taa ya nyuma imezimika.

Tope linabana gurudumu

Moramu iliyoloa hunata kwenye tairi na kujaza nafasi iliyopo chini ya madigadi mpaka gurudumu likasimama. Kulazimisha huvunja nguzo za madigadi au huyapinda yakaingia kwenye spoku. Simama, toa tope kwa kijiti, na ikiwa njia yako yote ni ya udongo, inua madigadi yaache nafasi ya vidole viwili. Usiyatoe kabisa, maana yanalinda cheni na mgongo wako kwa pamoja.

Baiskeli inateleza, au barabara imegeuka mto

Tairi ikiteleza katika dakika za kwanza za mvua, kisha ikatulia, chanzo ni vumbi na mafuta yaliyoinuliwa na maji kabla hayajasombwa. Subiri mvua ikolee au punguza mwendo mpaka hapo. Ikiteleza daima kwenye mistari ya rangi na mifuniko ya chuma, barabara ndiyo yenye tatizo, nawe unapaswa kupita hapo ukiwa umenyooka bila kugusa breki. Ikiteleza kila mahali, tazama tairi: iliyopoteza mifereji yake haifai kwa udongo. Funga breki kabla ya kona, usifunge ndani yake.

Maji yaliyofunika barabara yasipitiwe kwa kukisia. Katika mabonde ya Kampala, kama Bwaise, mitaro ya wazi hukaa kando kabisa ya barabara, na maji yakijaa huwezi kuona lami inaishia wapi. Shuka, tafuta njia ya juu, au ungoje.

Radi nayo isichukuliwe kama usumbufu wa kawaida. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na kwenye nchi kavu inayolizunguka dhoruba hupenda kujijenga alasiri na jioni, saa zile zile watu wanapotoka kuendesha. Ukisikia ngurumo, umo ndani ya umbali ambao radi inaweza kukufikia. Acha baiskeli, ingia ndani ya jengo la kudumu au ndani ya gari lililofungwa, usijikinge chini ya mwembe wala kwenye kibanda kilicho wazi, na usipande tena mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.